Kisima cha Mzee Furika

Kama umewahi kuosha gari upande wetu wa mji, umemwona baba mkubwa wangu. Huwezi kumkosa. Ni yule mwanamume mwenye kitambi na kofia ya turubai, aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya bomba lililorusha maji hewani, mguu mmoja juu ya mwingine, akiyatazama maji kana kwamba ameyazaa.

Yeye haoshi magari. Ana wafanyakazi wa kuyaosha. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wateja kwamba maji haya hayavutwi kwa pampu, hayasukumwi na injini, hayali umeme wala dizeli, yanapanda yenyewe. Akifika kwenye hilo "yenyewe" alijishika kifua, ili mteja aelewe kwamba yenyewe maana yake ni yeye.

Watu wa mtaa walimbandika jina la Mzee Furika. Walikuwa wanamsema. Yeye alivyosikia alichekelea, akamwita mchoraji, akaliandikisha ukutani kwa rangi ya bluu. Ndivyo alivyo. Mtukane unavyotaka, atakushukuru, ilimradi ndani ya tusi umetaja maji.

Ingekuwa mji wa ziwani, nisingekuwa na neno. Lakini mji wetu ni mkavu. Mto tunao, ila ni mto wa mchanga. Watu wanauvuka na soksi zao miguuni. Mvua ikija inakuja kama mgeni aliyekosea nyumba: inabisha, inaomba radhi, inaondoka. Katika mji wa namna hiyo, Mzee Furika aliacha maji yamwagike mchana na usiku. Yaliruka mpaka kimo cha mtu mzima, yakaanguka, yakapita chini ya uzio, yakakata barabara na kuchimba shimo ambalo malori yaliingia yakatoka yamepinda, kisha yakajaa kwenye kiwanja kitupu nyuma ya gereji ya jirani. Huko waliishi bata wasio na mwenyewe, vyura wenye kelele, na mbu waliokuja majumbani mwetu kutoa shukrani.

Niseme alikotoka, maana bila hilo utadhani nimemsingizia. Kabla ya kuota kitambi, Mzee Furika aliuza maji kwa mkokoteni. Alijaza mapipa bombani upande wa pili wa mji, akayasukuma kwenye vumbi, akayamwaga kwenye madebe ya watu mlango kwa mlango. Wakati huohuo mke wake, Mama Mkubwa, alikuwa na kitalu cha miche juu ya mwinuko, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Anaotesha miti ya kivuli, ya matunda, na ile migumu inayopandwa pembeni mwa mashamba na shule kuzuia mchanga usiingie. Nusu ya kivuli unachokiona mji mzima kimetoka kwenye vifuko vyake vya plastiki. Hajawahi kuandika jina lake ukutani.

Alipopatikana mchimba visima mwenye mashine, walimwita pamoja. Alianza juu, kwa Mama Mkubwa. Alitoboa, akatoboa, mpaka kila mtu akakata tamaa, kisha maji yakaja, yakapanda mpaka mdomo wa bomba, yakachuruzika kwa adabu ndani ya hodhi la saruji. Mama Mkubwa alilia. Alifungiwa koki hapohapo, na tangu siku hiyo aliifungua wakati wa kumwagilia, akaifunga akimaliza, kama unavyofunga mlango wa nyumba yako.

Kisha mashine ikashushwa bondeni, kwa Mzee Furika. Kule maji hayakuchuruzika. Yaliruka. Yaliivua kofia ya mchimbaji, yakailowesha mashine, na Mzee Furika akasimama katikati ya mvua yake mwenyewe, mikono ameitandaza, mdomo wazi. Nadhani akili yake iliondoka na kofia ya yule mchimbaji, na haikurudi.

Mchimbaji alimletea koki kubwa ya chuma yenye gurudumu la kuzungusha, akamwambia waifunge. Mzee Furika alikataa. Koki akaichukua, ndiyo, maana hakatai kitu cha bure. Akaiweka chini kwenye mlango wa kiofisi chake pale kwenye magari, iuzuie usijifunge kwa upepo. Chuma kilichoundwa kuzuia maji ya chini ya ardhi kikapewa kazi ya kuzuia mlango wa mbao.

Hapa nieleze jambo ambalo Mzee Furika amelisikia mara nyingi kuliko jina lake, na bado halijamwingia.

Kule upande wa milima, safari ya kutwa nzima kwa basi, mvua inanyesha kweli. Milima ile ina mwamba wa mchanga, mwamba wenye vitundu vidogovidogo kama mkate. Mvua ikiangukia pale inazama. Na mwamba wenyewe hauishii milimani. Umeinama, unaingia chini ya ardhi, unapita chini ya nyanda zote kavu unazoziona dirishani mwa basi, unakuja mpaka chini ya mji wetu. Juu yake kumelala tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, ambao haupitishi maji. Chini yake kuna jiwe gumu, nalo halipitishi. Basi maji yamebanwa katikati. Hayana pa kupandia, hayana pa kushukia, na nyuma yake kuna maji mengine, kule juu milimani, yanayoyalalia kwa uzito wote. Ukija wewe na mashine ukautoboa ule mfinyanzi, umeyafungulia mlango. Yanapanda, yakitafuta kile kimo yalikotokea. Hayakifikii, maana safari ya kupenya mwambani imeyachosha, lakini penye bonde yanatosha kuipita ardhi na kuruka. Penye mwinuko yanafika mdomoni tu. Hakuna uchawi hapo, hakuna kipaji, na hakuna Mzee Furika.

Tena yanatembea kwa mwendo wa konokono mgonjwa. Tone lililomlowesha kofia lilinyesha kabla babu wa babu yake hajaota meno. Mji kama wetu, usio na mto wa kweli wala mvua ya kutegemea, umewekewa akiba na mawingu ya watu waliokufa zamani. Halafu akiba hiyo anakabidhiwa mwanamume anayewanyeshea vyura.

Niliwahi kumwonyesha. Nilichukua mpira wa kuoshea magari, nikaujaza maji, nikaziba ncha ya chini, nikainua ncha ya juu juu ya paa la kiofisi, mtu akawa anaujaza kwa kikombe. Kisha nikautoboa kwa msumari mara mbili: tundu moja karibu na ardhi, jingine juu zaidi. Yote mawili yakarusha maji, la chini kwa nguvu, la juu kwa unyonge. Nikalipanua la chini. La juu likakohoa, likakauka. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, tundu la chini ni wewe. La juu ni Mama Mkubwa."

Akautazama mpira kwa makini, nami nikaanza kuwa na tumaini. Kisha akasema, "Lakini huku kwangu hakuna mtu aliyeinua mpira." Halafu akanikumbusha kwamba nimemharibia mpira.

Aliyeanza kuona mabaya ni Mama Mkubwa. Koki yake ilifunguliwa na maji yakatoka membamba. Baadaye yakawa matone. Akaanza kuamka mapema kukinga matone ndoo kwa ndoo, na jioni miche ya safu za nyuma ilikuwa imeinamisha vichwa. Kitalu hakina subira. Mti mkubwa unaweza kuvumilia kiangazi, ila mche wa kwenye kifuko ukikosa maji leo, kesho unautupa. Alikuwa ameotesha miche ya uzio wa shule ya mwinukoni, ambako mchanga unaingia mpaka kwenye madawati, na alikuwa ameahidi.

Akaita ofisi ya maji. Alikuja mama mmoja mtaalamu mwenye kipimo cha shinikizo, akapima juu, akapima chini, akawaketisha wote wawili na kuwaambia yaleyale ya mpira wangu, ila kwa upole zaidi. Visima hivi vinakunywa kwenye mwamba mmoja, alisema, na kile cha bondeni kinamwaga nguvu ya vyote viwili. Kifungwe koki tu, kitumike wakati wa kazi, na cha juu kitafufuka. Hakuomba kitu kingine. Mzee Furika alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Binti yangu, mimi nimeuza maji tangu mama yako hajaolewa," akaamuru gari la ofisi lioshwe bure.

Jioni ile tulikuwa mezani, chai imemiminwa vikombeni, na Mama Mkubwa alimwomba koki kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo mtu mwenye akili huiogopa. Mzee Furika haiogopi sauti asiyoielewa.

"Mama, wewe hujui maji," alimwambia. "Mimi nimeishi nayo. Maji ya pipa ukiyafunika juani yanaoza. Yanatoa harufu, yanaota utelezi. Wateja wananirudishia. Sasa unataka niyafunge ya ardhi nzima? Yataoza yote, mpaka ya kwako."

Basi ndiyo hiyo sababu. Nilikuwa nadhani ni kiburi tu, kumbe kiburi kimejengewa msingi. Mtu ametoboa bahari iliyojificha gizani chini ya miamba, halafu anaipima kwa pipa lililokuwa na kutu kwenye mkokoteni wake. Mama Mkubwa alimweleza kwamba yale maji yamefungiwa huko chini miaka isiyo na idadi na hayajaoza. Akajibiwa kwamba hiyo ni kwa sababu yalikuwa yanamngoja.

Lakini nikiwa mkweli, kuna neno moja alilolisema usiku ule ambalo nilishindwa kulicheka. Alisema miaka yote ya mkokoteni hakuwahi kumwaga hata kikombe. Akijikwaa, tone likidondoka, ilikuwa kama amedondosha nyama ya mwili wake. Akasema anataka, kabla hajafa, ayaone maji yanaanguka chini na hakuna mtu anayeyaokota. Mama Mkubwa akaimaliza chai yake. Kisha akasema, "Umeshayaona, Mzee," akaondoa vikombe.

Koki ikabaki mlangoni.

Na maji, ambayo hayajui nani ni mzee wa nani, yakaendelea na hesabu zake. Bomba la Mzee Furika nalo likaanza kuinama. Kutoka kichwani likaja kifuani, kutoka kifuani likaja kiunoni. Wateja wakaanza kumuuliza kama maji yake yana homa. Hapo mtu mwingine angeogopa, angeitafuta koki kwa mbio. Yeye alifanya jambo ambalo hata mimi, ninayemjua, sikulitegemea. Alitangaza uzinduzi.

Aliwaalika wenye maduka, wazee wa mtaa, mwalimu mkuu wa ile shule ya mwinukoni, mchimba visima mwenyewe, na mgeni rasmi kutoka ofisi fulani ambaye kazi yake sikuielewa ila alikuja na msaidizi wa kumbebea miwani. Mahali pale pasiitwe tena pa kuoshea magari, alisema. Paitwe bustani ya maji yanayopanda yenyewe. Akakodi viti na spika. Akaweka mawe meupe kuzunguka bomba, na vyungu vya maua ya plastiki juu ya mawe, maana ya kweli yalikuwa yanakufa kwa mkewe.

Siku ilipofika, bomba lilisimama upya. Maji yaliruka juu kuliko siku ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Mimi nilibaki mdomo wazi, na kwa dakika chache niliona aibu, nikidhani labda shule yangu ilidanganya na mzee ana mkono kweli. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, unatoka chini ya maua ya plastiki.

Alikuwa amezamisha pampu. Mtu aliyejenga jina lake lote juu ya "hayavutwi kwa pampu" alimwita fundi umeme, akashusha pampu ndani ya kisima, akauficha waya chini ya mawe, chini ya zulia la mgeni rasmi, mpaka kwenye soketi ya ukutani ndani ya kiofisi. Na pampu, tofauti na maji yenyewe, haina adabu. Hainywi kinachopanda tu, inafyonza. Asubuhi ile kule juu kisima cha Mama Mkubwa kilinyamaza kabisa. Alipofungua koki, badala ya maji kulitoka pumzi.

Alishuka kutoka kitaluni akiwa na kanga yake ya kazi, viatu vya mpira, na trei ya miche mikononi. Miche yote ilikuwa imekauka, rangi ya karatasi ya kufungia. Alifika wakati mumewe ameshika kipaza sauti, kitambi mbele. Alikuwa anasimulia jinsi maji haya yanavyomjua. Yanamjua kwa hatua zake, alisema, akiyaita yanaitika.

Mama Mkubwa hakuenda mbele. Alisimama pembeni, karibu na kiofisi, akauona waya unaoingia chini ya mlango. Aliufuata kwa macho mpaka kwenye zulia, mpaka kwenye mawe. Kisha akaingia ndani, na kwa utulivu wa mtu anayezima taa kabla ya kulala, akachomoa plagi.

Maji yalianguka. Hayakupungua polepole, yalianguka yote kwa pamoja, pwaa, yakabaki yanabubujika mdomoni mwa bomba kwa kimo cha kifundo cha mguu. Spika ikaendelea kupumua. Mgeni rasmi akavaa miwani.

Mama Mkubwa akatoka na trei yake, akasema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma, "Mzee, si umesema yanakuitika? Yaite."

Sijawahi kuona mtu amenaswa vizuri namna ile. Maana angefanya nini? Kumwambia mtu arudishe plagi ilikuwa kukiri plagi ipo. Kunyamaza ilikuwa kungoja muujiza. Aliyatazama maji, akautazama mlango wa kiofisi, akayatazama maji tena. Kijasho kikamtoka. Mtu mmoja nyuma alimwambia labda ayaite kwa jina la ukutani, na viti vyote vikacheka.

Mama Mkubwa hakucheka. Akaiweka trei mezani, mbele ya mgeni rasmi, penye soda na glasi.

"Hii ni miche ya shule ya mwinukoni," alisema. "Imekufa kwa kiu. Maji yake ndiyo hayo yamewaingia viatuni."

Watu wakaangalia chini. Kweli, kila mtu alikuwa amekanyaga tope, na viatu vya mgeni rasmi, vya ngozi nzuri, vilikuwa vinalia kwa kulowa. Mwalimu mkuu akanyoosha mkono, akachukua mche mmoja mkavu, akaukunja, ukakatika.

Mama Mkubwa akarudi mlangoni, akainama, akaibeba koki kwa mikono miwili. Upepo ukaufunga mlango nyuma yake kwa kishindo. Akapita nayo katikati ya viti, akampa mchimba visima. "Leo tunafunga," akasema. Mchimba visima akamtazama Mzee Furika, kwa heshima ya mwenye kisima. Mzee Furika bado ameshika kipaza sauti. Alijisogeza pembeni kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja kupita.

Pampu ilitolewa, ikining'inia kwenye waya wake kama panya aliyenaswa, watu wakipiga picha. Koki ikafungwa. Maji yalikuwa dhaifu kiasi kwamba mchimbaji hata kofia hakuivua. Gurudumu lilizungushwa, likazungushwa, na ule mlio wa kumwagika tuliouzoea mpaka tukasahau kuusikia ukakatika. Tukawasikia bata wa kule kiwanjani wanaulizana.

Kitalu hakikufufuka kesho yake. Shinikizo linarudi kwa hatua zake, na Mama Mkubwa aliendelea kukinga matone, na miche ya shule ilibidi aanze upya kutoka kwenye mbegu. Lakini matone yakawa uzi, uzi ukawa mkondo, na asubuhi moja hodhi lilijaa likapitiliza. Maji hayajaoza. Hayana harufu, hayana utelezi. Nimemwambia Mzee Furika anuse. Akanusa, akasema yamepona kwa sababu alipumzisha kisima.

Siku hizi magari yanaoshwa kwa koki: inafunguliwa, inafungwa. Wateja wanaosha na kuondoka, hakuna wa kusimuliwa. Basi yeye kila asubuhi anapanda kitaluni na kofia yake ya turubai, na mtu akija kununua mche anamwonyesha lile hodhi na kumwambia, "Haya yote nimemtumia mke wangu kutoka bondeni."

Mama Mkubwa anamwacha aseme. Ila anamwacha aseme akiwa amebeba ndoo, moja kila mkono, kutoka hodhini mpaka safu za nyuma. Na simdanganyi mtu: hamwagi hata tone.